Walikuwa Wanamsubiri: barua ya wazi kwa mnaosimamia somo la historia shule za msingi

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mitaala, vitabu, mitihani na ukaguzi wa shule za msingi

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUNDISHAJI WA SOMO LA HISTORIA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani nimechangamka kama niliyeshinda kesi. Ya pili nilijibiwa kwa simu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa, na nilipofuatilia niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mwalimu wa darasani asijichoshe na mambo ya mtaala, yana wenyewe. Nakala zote ninazo, na tarehe zake. Mwalimu wa historia hatupi karatasi.

Mgeni akibisha hodi mara tatu bila kujibiwa, adabu inamtaka aondoke. Ningeondoka, ila watoto bado wako darasani. Ndiyo maana leo nasemea nje, na kila anayepita asikie. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima.

Nimefundisha historia miaka 17, darasa la tano hadi la saba. Muhula uliopita niliwauliza watoto wa darasa la tano swali lililotoka kwenye mtihani wa majaribio: Vasco da Gama alifika Malindi mwaka gani? Mikono ikapanda darasa zima. 1498, mwalimu! Vizuri. Nikauliza tena: na siku moja kabla hajafika, watu wa Malindi walikuwa wanafanya nini? Mikono ikashuka. Nikasubiri. Mwishowe kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto msikivu tu, akasimama na kujibu kwa kujiamini: "Walikuwa wanamsubiri."

Darasa halikucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Wenzake waliliona ni jibu la maana, kwa kuwa kitabu tunachotumia kinaufungua mji ule siku tanga za Wareno zinapoonekana, kisha kinaufunga zikiondoka. Hakuna ukurasa unaomwambia mtoto kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, miaka 167 kabla ya wageni hao, akausifu mji kwa uzuri wake. Hakuna panapomwambia kwamba da Gama mwenyewe ilibidi apewe rubani pale Malindi ndipo akavuka hadi Calicut, India, maana mabaharia wa bahari ile walizijua pepo za kusi na kaskazi tangu zamani, na yeye alikuwa mgeni wa njia. Mtoto yule ana alama kamili katika swali la 1498. Anachoamini ni kwamba mji mzima wa watu ulikaa ufukweni ukisubiri historia ishuke melini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Historia ndilo somo pekee ambalo mtoto anapewa jibu bila njia.

Kwenye sayansi anafunika mshumaa kwa glasi na kuona moto ukizimika. Kwenye hisabati anatakiwa aonyeshe njia, na akikosea jibu la mwisho njia yake bado ina alama. Kwenye historia anaambiwa: ilikuwa hivi, andika. Nani alisema? Alikuwapo? Alikuwa na sababu ya kusema hivyo? Kuna mwingine aliyesema tofauti? Maswali haya manne ndiyo kazi yenyewe ya mwanahistoria, na hayamo katika azimio la kazi la mwaka wowote niliowahi kufundisha.

Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alichapisha utafiti mdogo ambao ningependa ubandikwe kila ofisi ya mitaala. Aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wazuri wa sekondari maandishi yaleyale kuhusu pambano moja la zamani la nchini mwao, kisha akawasikiliza wakiyasoma kwa sauti. Wanahistoria walitupa jicho kwanza kwa aliyeandika na lini aliandika, hata kabla ya kusoma habari yenyewe. Wanafunzi walianza mstari wa kwanza wakaenda hadi wa mwisho, basi. Walipoulizwa ni andiko lipi la kuaminika zaidi, wanafunzi walikiweka mbele kipande kilichotoka kwenye kitabu cha shule, wakati wanahistoria walikiweka karibu na mkiani. Wale walikuwa vijana werevu, waliofaulu. Walikosa mazoea tu ya kumwangalia msemaji kabla ya kuyameza maneno yake, na mazoea hayo hupandwa mapema au hayapandwi.

2. Tunawajaza miaka kabla hawajajua mwaka una urefu gani.

Keith Barton na Linda Levstik, pia wa Marekani, waliwapa watoto wa chekechea hadi darasa la sita picha za vipindi mbalimbali wazipange kwa mfuatano wa wakati. Hata wadogo kabisa waliweza kwa kiasi kikubwa, wakitazama mavazi, vyombo vya usafiri, namna nyumba zilivyo. Tarehe, kwa upande wake, hazikuwa na maana kubwa kwa watoto wa kabla ya darasa la tatu. Kwa hiyo mtoto anao uwezo wa kuhisi wakati. Anauhisi kwa macho kwanza, namba inafuata. Sisi tunaanzia kwenye namba na kuishia hukohuko.

Niliwahi kutoka na darasa la sita uwanjani na kamba ya mita 50. Tukakubaliana sentimita moja iwe mwaka mmoja. Msichana wa miaka 11 akapima maisha yake yote: hayakufika hata upana wa daftari lake. Akabaki ameyatazama. Bibi yake alikuwa sentimita 70 na kitu, hatua moja ya mtu mzima. Binadamu kutua mwezini, 1969, ilikuwa nyuma kidogo tu ya nusu mita. Da Gama alikaa baada ya mita tano, Ibn Battuta karibu ya saba. Kleopatra, malkia wa Misri aliyekufa mwaka 30 K.K., tukamfungia kitambaa baada ya mita 20 na nusu. Tukaendelea kutembea. Piramidi kubwa ya Giza, iliyojengwa kama mwaka 2560 K.K., ilitufikisha karibu mita 46, kwenye uzio.

Kijana mmoja akarudi nyuma, akapiga hatua kutoka piramidi hadi kwa Kleopatra akihesabu, kisha kutoka kwa Kleopatra hadi mwezini. Akapaza sauti: "Mwalimu, huyu mama yuko karibu na watu wa mwezini kuliko na piramidi!" Sikuwa nimewaambia. Hesabu hiyo aliipata kwa miguu yake mwenyewe. Watoto wale wako sekondari sasa, na wawili kati yao bado wakikutana nami njiani hunikumbusha kamba ile. Hakuna aliyewahi kunikumbusha somo la kunakili ubaoni.

3. Mambo mazito yamegeuzwa orodha ya (a), (b), (c).

Muulizeni mtoto wa miaka 11 madhara ya biashara ya utumwa. Atawajibu bila kusita: "Kupungua kwa nguvukazi." Ndivyo kitabu kinavyosema, ndivyo mwongozo wa kusahihisha unavyotaka, na ndivyo nami nilivyofundisha kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtoto anasimama anazungumza kama ripoti ya kiwanda kuhusu watoto wa umri wake waliotolewa mikononi mwa mama zao.

Mwaka mmoja niliweka orodha kando, nikawasimulia habari za Olaudah Equiano. Ameandika kwamba aliibwa nyumbani kwao, Afrika Magharibi, akiwa na miaka kama 11, yeye na dada yake, siku ambayo wakubwa walikuwa wamekwenda kazini. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo mwalimu huisikia mara chache. Swali la kwanza halikuhusu sababu wala madhara. Binti mmoja aliuliza: "Dada yake alipatikana?" Nikamwambia walikutana tena mara moja njiani, wakatenganishwa, na hakumwona tena.

Halafu swali la pili, kutoka kwa kijana mbishi ambaye kila mwalimu shuleni anamlalamikia: tunajuaje kwamba ni kweli? Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia aliandika mwenyewe, na maisha yake yalichapishwa London mwaka 1789, yeye akiwa hai. Nikawaambia pia ambalo wakubwa wengi hawalijui, kwamba cheti cha ubatizo wake kinasema alizaliwa Carolina, Amerika, ng'ambo ya bahari, na wataalamu hadi leo wanabishana kama utoto aliousimulia aliuishi au aliusikia kwa wengine waliouishi. Darasa likagawanyika papo hapo. Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana, wakatoka nje wanabishana. Kipindi hicho kwenye andalio la somo kiliandikwa "Madhara ya biashara ya utumwa". Nilidanganya kidogo kwenye karatasi, na sijuti.

4. Kipindi cha historia ni cha kuazimwa.

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu kila mwalimu analijua. Ratiba inakiweka mwisho wa siku, watoto wakiwa wamechoka. Mitihani ikikaribia, hisabati inakiazima na hairudishi. Mgeni akija, watoto wanafanya usafi saa ya historia. Na anayepangiwa kulifundisha mara nyingi ni yule ambaye vipindi vyake havijatosha, eti historia kila mtu anaweza, ni kusoma tu kitabu.

5. Mwalimu anayetoka nje ya kitabu anaadhibiwa.

Hili ndilo lililonifanya niandike barua ya kwanza, kwa hiyo mnivumilie nilieleze lote.

Mbele ya ofisi ya shule yetu kuna jiwe la msingi. Limepakwa rangi mara nyingi hadi maandishi yamejaa kama masikio yaliyozibwa nta, lakini ukipitisha kidole mwaka unasomeka. Siku moja natafuta karatasi kabatini nikaikuta rejista ya kwanza ya wanafunzi, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Watoto wa kwanza waliandikishwa miaka miwili kabla ya mwaka ulio kwenye jiwe.

Nikaona hii ni zawadi. Nilipeleka darasa la sita nje wapapase jiwe kwa zamu, kisha nikawaonyesha rejista. Shule ilianza lini? Kundi moja likasema jiwe ndilo kweli, kwa kuwa jiwe ni la serikali. Kundi jingine likasema rejista, kwa kuwa ina majina ya watu na watu hawatokei hewani. Mmoja akasema huenda mwandishi alikosea mwaka. Mwenzake akamjibu: akosee mara 31? Alikuwa amehesabu majina.

Walikubaliana kitu kimoja: atafutwe mtu aliye kwenye orodha. Wakampata mzee mmoja, jina la tisa. Akaja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akawaeleza kwamba walianzia chini ya mti. Jengo lilikuja baadaye, na jiwe liliwekwa siku mgeni rasmi alipokuja kulifungua. Kwa hiyo jiwe halikudanganya, wala rejista. Kila kimoja kilikuwa kinajibu swali lake, na swali letu ndilo lililokuwa na tundu: kuanza kwa shule ni nini, watoto au ukuta?

Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono. "Babu, unakumbuka au uliambiwa?"

Mzee akacheka, halafu akanyamaza, akafikiri kwa muda mrefu. Akasema: "Mti naukumbuka. Mwaka nimeambiwa."

Waheshimiwa, ninyi mnaoandaa semina za walimu, sijui semina ngapi zingenifundisha kuuliza swali kama lile la binti yule. Ana miaka 12.

Wiki iliyofuata tulikaguliwa. Azimio la kazi lilionyesha mada nyingine kwa wiki ile, na daftari za watoto zilikuwa na michoro ya mti na ya jiwe. Likaandikwa kwa wino mwekundu kwamba vipindi vitatu vimepotea na mwalimu afuate muhtasari wa somo. Nikatakiwa nijieleze kwa maandishi. Nilijieleza. Aliyeandika vile simlaumu sana, maana fomu aliyopewa ilikuwa na visanduku vya kujaza na hakimo kisanduku cha mzee mwenye fimbo. Nawalaumu waliotengeneza fomu.

6. Mtihani ndio unaofundisha, mwalimu tunafuata.

Yote niliyoyasema yanarudi hapa. Mtihani unaouliza mwaka na jina tu utazaa darasa la miaka na majina. Hata mwalimu mwenye moyo, ikifika miezi mitatu kabla ya mtihani, anafunga kamba yake na kuanza kuwakaririsha, kwa sababu shule inapangwa kwa wastani na yeye ana familia. Najua nitaambiwa swali la kufikiri halisahihishiki kwa maelfu ya watahiniwa. Basi nawapa moja, nimelijaribu darasani:

"Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tano zilikuwa za Kilwa na nne za Uholanzi. Taja jambo moja ambalo sarafu hizi zinathibitisha, na jambo moja ambalo hazithibitishi."

Habari ni ya kweli, na hadi leo hakuna aliyethibitisha sarafu zile zilifikaje huko. Msahihishaji anahitaji mistari minne ya mwongozo. Mtoto anayeandika "zinathibitisha kwamba sarafu za Kilwa zilifika mbali, hazithibitishi kwamba watu wa Kilwa walizipeleka wenyewe" apewe alama zake zote. Anayeandika "zinathibitisha Waafrika waligundua Australia" anakosa, na ni vizuri akose angali shuleni, mbele ya mwalimu atakayemwonyesha alipoteleza.

Najua pia majibu mengine mliyonayo, kwa kuwa baadhi nilishayasikia nikiwa nimesimama mlangoni.

Mtasema watoto wa msingi ni wadogo mno, wakiambiwa kwamba watu wametofautiana watachanganyikiwa. Hoja hii ina ukoo. Ilitokana na watu waliochukua ngazi za ukuaji wa akili za mwanasaikolojia Jean Piaget wakazipeleka kwenye historia, wakahitimisha kwamba fikra za kihistoria ni za vijana wakubwa. Lakini tangu mwaka 1960 mwanasaikolojia mwingine, Jerome Bruner, alikuwa ameshatetea kwamba somo lolote linaweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote kwa namna ya kweli inayomfaa. Na Uingereza, katika miaka ya 1990, Peter Lee na Rosalyn Ashby waliwapa watoto wa miaka 7 hadi 14 simulizi mbili zinazopingana kuhusu tukio lilelile na kuwauliza kwa nini zinatofautiana. Baadhi ya watoto wa miaka 8 walitoa fikra pevu kuliko baadhi ya wale wa miaka 12 na hata 14. Tena hamhitaji kwenda mbali. Kaeni na mwalimu wa zamu saa ya mapumziko, wawili wakiletwa mbele yake wamepigana, na aulize: nani alianza? Mtaona watoto wa darasa la tatu wakileta mashahidi, wakiwakataa mashahidi wa mwenzao kwa kuwa ni ndugu yake, wakionyesha shati lililochanika kama ushahidi. Kengele ikilia wanaingia darasani, na sisi tunawaambia ni wadogo mno kupima ushahidi.

Mtasema historia yenye maswali inaleta ubishi, na ubishi unapanda chuki. Hapa nawaelewa zaidi, kwa sababu historia imewahi kutumiwa kuchochea watu na hakuna mwalimu mwenye akili anayetaka hilo. Lakini mtoto ambaye hajafundishwa kuuliza nani kasema hazuiwi kusikia. Anasikia barazani, anasikia kwenye simu ya kaka yake, video ya dakika mbili, mtu asiyejulikana anatangaza kwa sauti nzito kwamba watu fulani walikuja jana na ardhi si yao. Tumemzoesha miaka saba kwamba kinachosemwa kwa uhakika ndicho kweli. Tunashangaa nini akiamini?

Darasa la saba niliwahi kuwaandikia ubaoni sentensi mbili kuhusu Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889, kati ya Menelik wa Ethiopia na Italia. Kifungu cha 17 cha nakala ya Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Nakala ya Kiitaliano ilimfunga kwamba lazima apitie kwao. Nikawauliza neno moja tu linaweza kufanya nini. Walianza na vicheko. Kisha wakagundua kwamba kwa nakala moja Ethiopia ni nchi huru, kwa nyingine iko chini ya mlezi, na kwamba mzozo huo ndio ulioishia kwenye vita vya Adwa, Ethiopia, tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Italia likashindwa. Hakuna aliyetoka pale akimchukia Mwitaliano. Walitoka wakisema mtu asitie saini karatasi ya lugha asiyoijua. Hata mimi sikuwa nimepanga wafike hapo.

Mtasema hakuna fedha. Kamba, jiwe, rejista iliyoliwa na mchwa, mzee na fimbo yake. Nionyesheni ni kipi kati ya hivyo kilichohitaji bajeti.

Mtasema walimu hawajaandaliwa. Hili ni kweli tupu, na ni jukumu lenu.

Ninachoomba ni hiki. Mtihani wa historia wa mwisho uwe na angalau swali moja lenye chanzo, picha au barua au simulizi mbili zinazogongana, lenye alama za kutosha ili mwalimu asiweze kulipuuza. Mkianza na hilo pekee mengine yatajivuta yenyewe, kwa hiyo kama mnasoma barua hii kwa haraka, someni sentensi iliyotangulia. Fomu ya ukaguzi iongezwe mstari wa kazi za watoto zilizotoka nje ya kitabu, na mwalimu asitakiwe kujieleza kwa kuwa ametoka nje na darasa. Vitabu vipya vya kiada, kila mada, viwaonyeshe watoto walau chanzo kimoja kama kilivyo, na vianze habari za kila mji kabla wageni hawajaufikia. Mada ya utumwa na ya vita iwe na mtu mwenye jina na umri kabla ya orodha ya madhara. Kipindi cha historia kikiazimwa, kirudishwe wiki hiyohiyo na iandikwe kilivyorudishwa. Na mafunzo kazini ya walimu wa historia yafanyike na walimu wanaofundisha watoto, siyo na slaidi.

Siombi kuongezewa vipindi, wala kupunguziwa mada. Naomba pia nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, kwa sababu hapana iliyoandikwa ina tarehe na ina mtu aliyeisaini.

Kama kuna miongoni mwenu ambaye angependa kuona kabla ya kuamua, karibuni darasani. Kipindi changu cha darasa la sita ni Alhamisi, cha mwisho. Pigeni simu kwanza asubuhi kuulizia kama hisabati haijakichukua.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa historia, shule ya msingi

Nakala: Walimu wenzangu wa historia
Wazazi na walezi
Faili